NYUMBANI MWETU: Sauti Inapoachana na Midomo



Kila askari aliyepata kusimama kwenye kiwanja cha shabaha amekiona kioja hiki: mwenzake aliye mbali hufyatua bunduki, moshi ukaonekana kwanza, na mlio ukafuata baada ya kitambo. Hapana aliyekosea. Mwanga hufika papo hapo, bali sauti hutembea hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, hata ikachukua karibu sekunde 3 kutimiza kilometa 1. Vivyo hivyo katika gwaride refu, walio mkiani hulisikia goma la bendi likiwa limekwisha pigwa, na mguu wao huwa tayari kuponyoka.

Jambo hilo likitokea uwanjani si ajabu. Likiingia sebuleni, ndani ya televisheni, huwa kero. Na katika nyumba moja niijuayo sana lilikaribia kuleta deni na majonzi kwa pamoja. Leo napenda kuwasimulieni habari hiyo, kisha tuitafute dawa yake hatua kwa hatua.

Kaka yangu ni sajini mstaafu. Alitumikia mizinga kwa miaka mingi, nayo mizinga haikumwacha hivi hivi: masikio yake yalipungua nguvu. Mwaka jana watoto wake, wawili kati yao wakiwa polisi, walichanga fedha wakamnunulia saundibaa, yaani kile kipaza sauti kirefu na chembamba kiwekwacho chini ya televisheni. Nia yao ilikuwa njema. Walitaka baba asikie taarifa ya habari vizuri, bila ya kuifungulia televisheni hata majirani wakakosa usingizi.

Hazikupita wiki mbili, mzee akaacha kutazama. Saa ya habari ilipofika alichukua kigoda chake akaenda kukaa barazani. Alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Huyo anayesema si yule ninayemwona." Watoto wakatazamana. Shemeji yangu akadhani ni uzee umeanza kumwingia. Fundi wa duka, alipoitwa, alisema kwamba televisheni imepitwa na wakati, haina budi kununuliwa nyingine. Fomu ya mkopo ikajazwa. Kabla ya kuitia sahihi, shemeji akanipigia simu akisema, "Njoo, shemeji, umtazame kaka yako."

Nilikwenda, nikaketi karibu naye mbele ya televisheni. Haikuchukua hata dakika moja. Msomaji wa habari alifunga kinywa, na sauti yake ikaendelea kusema.

Kwa nini mzee alitambua kabla ya wengine

Mtu aliyepungukiwa na masikio husikia nusu kwa macho. Aliyekosa neno kwa sikio hulidaka kwenye midomo, pengine bila kujijua. Wala si yeye peke yake, kwani sisi sote tumeumbwa hivyo. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, Harry McGurk na John MacDonald, walitangaza jaribio ambalo Mswahili atalifurahia kuliko Mwingereza. Walichukua filamu ya mtu akitamka "gaga", wakaiwekea sauti ya "baba". Watu wazima wengi walioitazama hawakusikia "baba" wala "gaga", walisikia "dada". Waliposikiliza sauti peke yake bila picha, "baba" ikarudi mahali pake.

Basi tazama, msomaji: ikiwa mwenye masikio mazima anaweza kumgeuza baba kuwa dada kwa sababu ya midomo tu, mzee wa mizinga atafanyaje pale ambapo midomo yote inamhadaa? Watoto walimwongezea sauti kwa mkono mmoja, wakamnyang'anya midomo kwa mkono wa pili, nao hawakujua.

Nani amechelewa?

Kosa la wengi ni kushika rimoti na kubonyeza ovyo. Kabla ya kugusa chochote, jiulize swali moja: je, kilichochelewa ni sauti au ni picha? Dawa za maradhi haya mawili zinapingana, na ile ya moja huuzidisha ugonjwa wa pili.

Picha huchelewa kwa sababu televisheni za siku hizi haziipokei picha na kuionyesha hivi hivi. Huishika kwanza, zikaisafisha, zikaikuza, zikailainisha mwendo wake. Katika matangazo ya kwetu picha 25 hupita kila sekunde, kila moja ikishika milisekunde 40, yaani sehemu 40 za elfu ya sekunde. Televisheni ikizizuia picha 3 ili kuzipamba, tayari imechelewa kwa milisekunde 120. Vipaza sauti vya televisheni yenyewe kwa kawaida husubirishwa ili viende pamoja na picha hiyo. Saundibaa ni mgeni. Pengine haingoji, nayo hutangulia.

Sauti nayo huchelewa hasa inapopelekwa bila waya, kwa njia ya Bluetooth. Kwanza hubanwa, kisha hurushwa, kisha hufunguliwa na kuwekwa akiba kidogo isije ikakatika. Safari hiyo mara nyingi huchukua milisekunde 100 hadi 200, na pengine zaidi.

Ili kujua nani amechelewa, tafuta msomaji wa habari anayetazama mbele. Angoje atamke neno lenye p, b au m, kwa maana herufi hizo haziwezi kutamkwa pasipo midomo kukutana. Midomo ikikutana kabla ya sauti ya herufi hiyo kusikika, sauti imechelewa. Sauti ikisikika kabla ya midomo kukutana, picha ndiyo iliyochelewa. Mpira unapopigwa teke, au ngoma inapogongwa, hufaa pia.

Kumbuka kwamba macho yetu huvumilia zaidi sauti iliyochelewa kuliko iliyotangulia, kwa kuwa tangu kuumbwa dunia hatujasikia mlio wa bunduki kabla ya kuuona moshi wake. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulipoandika mapendekezo yake mwaka 1998, ulionyesha kwamba mtazamaji huanza kutambua sauti iliyotangulia kwa milisekunde 45, bali iliyochelewa haitambui mpaka ifikie 125 hivi.

Hatua za kufuata

1. *Tafuta mkosaji.* Zima saundibaa, urudishe sauti kwenye televisheni yenyewe. Ikiwa hitilafu ingalipo, saundibaa haina hatia. Jaribu kituo kingine, kisha jaribu filamu iliyo katika fleshi. Kituo kimoja kikikosea na vingine viko sawa, kosa liko kwa watangazaji, nawe huna la kutengeneza. Vituo vyote vikikosea na filamu ya fleshi iko sawa, mtazame king'amuzi: kizime, kichomoe kwenye umeme kwa dakika 2, kisha ukiwashe upya.

2. *Usiviache vipaza sauti viwili viseme pamoja.* Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukisikia mwangwi kama wa mtu asemaye ndani ya pipa, huenda televisheni na saundibaa zinasema kwa wakati mmoja. Nyamazisha vile vya televisheni katika mipangilio yake.

3. *Sauti ikiwa imetangulia,* kazi ni rahisi. Ndani ya mipangilio ya sauti, ya saundibaa au ya televisheni, tafuta maneno "Audio Delay", "AV Sync" au "Lip Sync". Hapo ndipo sauti inapoambiwa ingoje. Anza kwenye sifuri, ongeza milisekunde 10 au 20 kila mara, na kila mara tazama midomo. Usikimbilie namba kubwa.

4. *Sauti ikiwa imechelewa,* usiguse kuongeza hapo, maana mpangilio huo kwa kawaida hujua kuchelewesha tu, haujui kuharakisha. Urudishe kwenye sifuri. Kisha achana na Bluetooth, utumie waya. Nyuma ya televisheni nyingi mna matundu ya HDMI, na moja lao limeandikwa "ARC" au "eARC": hilo ndilo linaloweza kutoa sauti kwenda nje, na waya wa HDMI wa saundibaa uchomekwe humo, si katika tundu lolote lile. ARC ilikuja na HDMI ya 1.4 mwaka 2009. Televisheni iliyo nzee kuliko hapo haitakuwa nayo. Pengine itakuwa na tundu dogo la waya wa mwanga, lililoandikwa "Optical", nalo hufaa vizuri. Zima vifaa vyote kabla ya kuchomeka au kuchomoa.

5. *Ikiwa ingali inachelewa hata kwa waya,* fungua mipangilio ya sauti inayotoka katika televisheni, uchague "PCM". Hapo saundibaa hupokea sauti iliyokwisha kufunguliwa, nayo haina kazi ya kuifumbua tena. Utapoteza sauti za kuzunguka chumba katika filamu, lakini kwa habari na hotuba hutaona hasara. Zima pia mapambo ya sauti katika saundibaa yenyewe.

6. *Jihadhari na mpangilio wa michezo,* ule ulioandikwa "Game". Huo huondoa mapambo ya picha na kuiharakisha. Picha ikiwa ndiyo iliyochelewa, utakusaidia. Sauti ikiwa ndiyo iliyochelewa, utazidi kuwatenganisha, nawe utadhani umeharibu kitu. Wengi wamenaswa hapa.

Kwa wale wanaotazama katika mesi au ukumbi wa kambi, kuna neno la ziada. Aliye mita 3 kutoka kwenye kipaza sauti hucheleweshewa na hewa kwa milisekunde 9 tu, si kitu. Aliye nyuma kabisa ya ukumbi, mita 34 mbali, hucheleweshewa 100. Kwa hiyo anayerekebisha asisimame mbele karibu na kioo; akae katikati ya watu, apime kutoka hapo.

Barazani mpaka sebuleni

Narudi kwa kaka yangu. Niliuliza, "Shemeji, boksi la saundibaa liko wapi?" Lilikuwa chini ya kitanda. Ndani yake nilikuta waya wa HDMI, bado umefungwa katika nailoni yake. Aliyekuja kufunga chombo hicho hakutaka nyaya zining'inie ukutani, akaunganisha kwa Bluetooth, akaenda zake. Hata televisheni iliyosemwa kuwa imepitwa na wakati ilikuwa na tundu lililoandikwa "ARC".

Nilipochomeka waya, kuchelewa kukaisha. Ila sasa sauti ilitangulia kidogo. Mimi sikuitambua sana, wala watoto hawakuitambua. Nikamwita kaka, nikampa kazi. Nilimwambia, "Kaka, mimi nitabonyeza, wewe utaamuru." Akaketi mbele ya televisheni, mgongo umenyooka, macho kwenye midomo ya msomaji wa habari. Milisekunde 20, akatikisa kichwa. Arobaini, akanyamaza. Sitini, akainua mkono kama aliyekuwa akisimamisha kikosi.

"Simama hapo, mdogo wangu."

Alitazama taarifa mpaka mwisho, na hali ya hewa baada yake. Mara mbili alicheka kabla yetu, kwani alilidaka neno kabla hatujalielewa. Mwanawe wa kwanza, koplo wa polisi, alitoka nje akasimama barazani peke yake kwa muda. Aliporudi aliichukua ile fomu ya mkopo akaikunja, akamwambia mama yake kwamba fedha hizo bora zimpeleke baba hospitali akapimwe masikio. Na hilo, ndugu msomaji, ni neno la hekima: waya huondoa kosa la chombo, hauponyi sikio.

Sikumlaumu mtu katika nyumba ile. Walimpenda mzee wao, wakatoa walichokuwa nacho. Lakini alipolalamika hawakupima maneno yake. Waliupima umri wake. "Huyo anayesema si yule ninayemwona" halikuwa neno la mtu aliyepotewa na akili. Lilikuwa taarifa sahihi ya askari aliyekuwa zamu, nayo ilipaswa kuchunguzwa.

Kwa hiyo, nyumbani mwako akitokea mzee, au mtoto, akasema kwamba televisheni haisemi sawasawa, usimjibu upesi. Keti mahali alipokaa. Tazama anapotazama. Ngoja neno lenye p, b au m.

Tukutane juma lijalo, tukijaliwa.