Jini Mahaba, Maiti na Haya ya Washairi

Kuna vitabu ambavyo sisi washairi huvisoma jalada likiwa limefunikwa kwa gazeti. Simsimangi mtu, rafu yangu mwenyewe ina safu mbili, ya mbele ya diwani na ya nyuma ya majini. Huko nyuma hadithi ni ileile kwa sura nyingi: kijana ampenda mwanamke asiye na kivuli, mtu afa ndani ya chumba kilichofungwa, na msomaji akesha hadi jogoo wa kwanza akitaka kujua mambo mawili tu. Nani kaua? Na yule mpenzi, ni binadamu?

Wataalamu huziita riwaya pendwa, na neno hilo hutamkwa kwa kubetua midomo. Sijui lugha nyingine ambamo kupendwa kumegeuzwa kuwa tusi.

Haya hiyo imetoka wapi? Haikutoka kwa wakubwa wetu. Chukueni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, kitabu ambacho hakuna mwalimu anayekificha. Mjumbe wa Mfalme Rai afika Janibu, na usiku amwona liwali mwema akiwachapa manyani wawili kwa kiboko. Kwa nini mtu mwadilifu afanye ukatili huo? Hilo ni fumbo la upelelezi, tena limewekwa panapostahili. Jibu lake linapitia mji ambao watu wake wamekuwa mawe, binti mzuri aitwaye Mwelekevu, wivu wa ndugu wawili, na jini wa kike, Huria, anayelipa wema kwa wema. Mapenzi yamo, jini yumo, siri imo. Asili yake ni Alfu Lela Ulela, na Shaaban Robert hakuona aibu kuchota humo. Sisi tunamsifu kwa maadili yake, lakini nina hakika wengi tulifika mwisho wa kitabu kwa ajili ya wale manyani.

Hata utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu, unatutega kwa njia hiyo. Shujaa hadhuriki kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Anayetumwa kuidadisi siri hiyo ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Msikilizaji ajua kitakachotokea, na bado hawezi kuondoka barazani.

Utamu wa hadithi hizi, kwa maoni yangu, uko katika kuvutwa na kamba mbili kwa wakati mmoja. Mapenzi yanatutaka tuamini, upelelezi unatutaka tushuku. Kila neno la mpenzi linakuwa ushahidi, na kila ushahidi unaweza kuwa neno la mapenzi. Mshairi anayejua kazi ya fumbo katika ubeti hapaswi kushangaa kwamba moyo wake unaruka.

Hata hivyo si kila jini namfungulia mlango. Hapa Makere, katika nyanda hizi za Kasulu na Kibondo, Kiha ndiyo lugha ya jikoni, na wengi Kiswahili cha kusomea hukikomaza kwa vitabu vya kuazimana. Jirani yetu ni kambi ya Nyarugusu, iliyoanza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, waliokuja na Kiswahili chao chenye ladha nyingine. Kwa wasomaji wa namna hii riwaya ya jini mahaba si mchezo wa kupitisha usiku tu, ni darasa. Basi inafundisha nini mtu anapokufa ghafla? Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Hadithi inayomaliza fumbo kwa kumnyooshea kidole bibi wa jirani, bila ushahidi, inarudia hukumu ya wauaji hao, hata ikiwa lugha yake ni asali.

Ndiyo maana namheshimu Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, maiti yapatikana kwenye mzimu, mahali panapoogopwa, na rahisi ingekuwa kuwatwisha wahenga lawama. Bwana Msa awasha kiko chake, auliza maswali, na kumtafuta mkosaji miongoni mwa walio hai. Hofu tumeionja yote, wala hakuna aliyesingiziwa. Ben Mtobwa, mwana wa mkoa wetu wa Kigoma, naye alijua kunong'ona sikioni. Tazameni tu kichwa kama Salamu Kutoka Kuzimu.

Kwa hiyo waandishi wa hadithi za mfululizo nawaomba jambo dogo. Jini na aachwe na mapenzi yake: anukie udi, aje usiku wa manane, avunje moyo wa kijana akitaka. Lakini maiti ikionekana, nipeni ushahidi.

Na kwenu washairi nina ombi jingine. Tenzi za vita tunazo, za mawaidha tunazo mpaka zimejaa kabati. Sijabahatika kusoma utenzi mpya wa mizani nane wenye jini mahaba, mauaji, na mpelelezi anayegundua ukweli katika ubeti wa mia tatu. Atakayeutunga aniletee nakala Makere, nami nitauweka safu ya mbele.