Wadudu Wasiokuwapo

Sinema ya "A Scanner Darkly", iliyoongozwa na Mmarekani Richard Linklater na kutolewa mwaka 2006, yaanza na kijana aitwaye Freck aliyevamiwa na vidukari. Wamemjaa nyweleni, wanamtambaa mwili mzima. Anajikuna, anaoga, anajisugua, lakini wadudu hawaishi. Hawaishi kwa sababu hawapo. Aghalabu watazamaji hucheka hapo, na bila shaka mtengenezaji alitaka wacheke. Hata hivyo kicheko hicho chafaa kuchunguzwa, hasa na mwalimu wa Biolojia, kwani katika sinema iliyojaa mambo ya kubuni, hilo ndilo lililo karibu mno na ukweli.

Hadithi yenyewe imetoka katika riwaya ya Philip K. Dick iliyochapishwa mwaka 1977. Bob Arctor, mpelelezi wa polisi huko California, anaishi kwa siri miongoni mwa watumiaji wa dawa ya kulevya iitwayo Dutu D. Akiwa kazini huvaa vazi linalobadilisha sura kila nukta, hata wakubwa wake wasimtambue. Ndipo siku moja anaamriwa ampeleleze Bob Arctor, yaani nafsi yake mwenyewe. Naye, kwa kuwa ameizoea dawa, hafiki mbali kabla ya kusahau kwamba mpelelezi na mpelelezwa ni mtu mmoja.

Jambo lililowagawa watazamaji zaidi ni picha. Waigizaji walipigwa picha kama kawaida, kisha wachoraji wakachora juu ya picha hizo kwa msaada wa kompyuta. Njia ya kuchora juu ya picha za watu halisi ni kongwe. Max Fleischer aliiombea hataza mwaka 1915. Lakini hapa mchoraji huchora baadhi ya picha tu, na kompyuta hujaza zilizo katikati. Hata hivyo iliripotiwa kwamba dakika moja ya sinema ilihitaji takriban saa 500 za kazi. Matokeo yake ni mistari isiyotulia: ukuta wateleza nyuma ya mtu, nywele zaelea juu ya kichwa, kivuli chaachana na shavu.

Wako waliolalamika kwamba macho yaliwauma na kichwa kikawazunguka, wakauliza kwa nini nyuso za waigizaji mashuhuri zipakwe rangi. Wengine walivutiwa mno. Wengine tena waliogopa kwamba uzuri huo utawashawishi vijana. Malalamiko ya kwanza yana jibu katika elimu ya mwili. Jicho la binadamu halitulii kamwe. Hutikisika hata linapokazwa mahali pamoja, nao ubongo huufuta mtikisiko huo ili dunia ionekane imesimama. Mistari inapotikisika kila mmoja kivyake, ubongo hauna hesabu ya kuufuta. Basi mtazamaji aketiye kitini huonja kidogo hali ya Arctor, ambaye hana tena pa kulitegemeza jicho lake. Aliyelalamika, pengine, ameielewa sinema kuliko aliyesifu rangi.

Lakini kosa kubwa liko kwingine, nalo ni pale watazamaji wanapodhani wamefundishwa sayansi. Katika sinema waganga wa polisi wanampima Arctor na kumwambia, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba Dutu D imezitenganisha nusu mbili za ubongo wake na sasa zinashindana. Ni rahisi mtu kutoka ukumbini akiamini kwamba dawa za kulevya huupasua ubongo hivyo. Wazo hilo lina asili ya kweli, ila si ya dawa. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Los Angeles waliwapasua wagonjwa wachache wa kifafa kikali na kulikata daraja la nyuzi za neva, zipatazo milioni 200, liunganishalo nusu hizo. Roger Sperry na wenzake waliwapima wagonjwa hao. Neno likiangazwa upande wa kushoto tu, mgonjwa husema hakuona kitu, na papo hapo mkono wake wa kushoto huokota kifaa kilichotajwa na neno lile! Kwa uchunguzi huo Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Wagonjwa wale hawakugeuka watu wawili wenye uadui. Katika maisha ya kila siku ilikuwa vigumu kuwatofautisha na watu wengine. Kilichokata ni kisu cha mpasuaji, na hakuna dawa ya kulevya ijulikanayo ifanyayo kazi hiyo.

Wadudu je? Mwaka 1958 Philip Connell, daktari wa London, alichapisha habari za wagonjwa 42 waliopatwa na wazimu kwa kutumia amfetamini: waliona watu wanawafuata, walisikia sauti, na akili zao zilikuwa macho kabisa. Dawa hiyo huzidisha dopamini katika ubongo na kuufukuza usingizi. Mtumiaji aliyekesha siku nyingi huweza pia kuhisi wadudu wakitambaa juu ya ngozi yake, hata akajichuna vidonda. Dick hakuyabuni hayo mezani. Alitumia amfetamini kwa miaka mingi, na mwishoni mwa riwaya aliweka orodha ya rafiki zake waliokufa au kudhurika kwa dawa, akijitia na yeye mwenyewe. Orodha hiyo, kwa ufupi, ndiyo inayoifunga sinema. Aogopaye kwamba vijana watashawishika hakungoja mpaka hapo.

Somo hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Katinoni, kiini cha miraa au mirungi, ni ndugu wa karibu wa amfetamini kwa muundo wake wa kikemia. Mtafunaji wa majani huipata polepole, na wengi hawafiki kwenye wazimu. Lakini madaktari wameuona kwa watafunao kupita kiasi. Mwanafunzi akitishwa kwamba ubongo utapasuka, kisha akamwona binamu yake anatafuna kila Ijumaa na bado anahesabu fedha vizuri, atayatupa yote aliyoambiwa, ya kweli pamoja na ya uongo. Akielezwa habari za kukesha, na za shaka inayomwingia mtu juu ya rafiki zake mwenyewe, huenda akamtazama binamu huyo kwa jicho jingine.

Sinema hii si ya watoto. Huko Marekani aliye chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mzazi au mlezi. Mwalimu hana haja ya kuionyesha. Yamtosha kuisimulia, kisha awaulize wanafunzi waandike kwenye karatasi kipi kiliwahi kumpata mtumiaji wa dawa za kulevya, ubongo uliopasuka au wadudu wasiokuwapo, na azikusanye karatasi hizo kabla kitabu hakijafunguliwa.