Mji Uliojengwa na Maziwa

Ndugu mkulima wa skimu, uwe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, ukipata nafasi ya kwenda bara, usiishie kutazama maghorofa ya Nairobi. Endelea mpaka Githunguri, katika Kiambu, ukaone mji mdogo uliojengwa na maziwa.

Asubuhi na mapema wakulima hupeleka madebe yao kituoni. Maziwa hupimwa, kisha huandikwa. Wengi wao wana shamba dogo na ng'ombe wachache tu. Chama chao cha ushirika kilianzishwa mwaka 1961 na wakulima 31. Mwaka 2004 kikafungua kiwanda chake chenyewe, na leo kina maelfu ya wanachama. Mwanachama huchukua chakula cha ng'ombe katika duka la chama, na bei yake hukatwa katika fedha za maziwa.

Wageni wengi hurudi kutoka huko wakitamani jambo moja tu: yule ng'ombe mkubwa mweusi na mweupe. Hapo ndipo wanapokosea. Ng'ombe yule amezoea baridi. Mlete katika joto la Pwani, penye kupe wa ndigana, naye aweza kufa kabla hujamaliza kulipa deni lake. Kwetu anafaa zaidi ng'ombe chotara, alishwe zizini matete na majani ya lusina, aogeshwe dawa ya kupe, na ndama wachanjwe. Muulize Bwana Mifugo kabla ya kununua.

Kitu cha kuleta kutoka Githunguri si ng'ombe, ni chama. Joto letu huharibu maziwa kwa saa chache. Mkulima mmoja hawezi kununua mtambo wa kupoza. Basi maziwa ya jioni huuzwa kwa bei apendayo mchuuzi, au humwagwa. Wakulima thelathini wakishikamana, waweza.

Lakini wako watu wawili wanaoua chama: atiaye maji katika maziwa, na mtunza fedha asiyeonyesha hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Shamba ulipewa wewe, lakini soko hutalipata peke yako. Waite majirani juma hili, mhesabu pamoja: jioni skimu yenu hukamua lita ngapi, na ngapi huuzwa kwa bei ya haki? Andikeni jibu hilo. Hapo chama kitakuwa kimekwisha anza.