Kabla ya Kufungua Injini

Gari lako la zamani lavuja oili, nawe waambiwa injini ifunguliwe. Usiuze ng'ombe bado. Kwanza tazama valvu ndogo ya kupumulia.

Petroli inapowaka, moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni, ukashuka chini penye oili. Zamani ulitolewa nje kwa bomba tupu. Huko California, Marekani, tangu magari ya mwaka 1961, ulirudishwa katika injini uungue, ukipitia valvu hiyo. Basi valvu ikizibwa na uchafu wa oili, moshi hukosa njia, nao huisukuma oili itoke penye sili na gasketi.

Kuipima si kazi. Mara nyingi imechomekwa katika kifuniko cha juu cha injini, mwisho wa bomba la mpira. Injini ikinguruma polepole, ichomoe uizibe kwa kidole, ukijihadhari na feni. Kidole kisipovutwa, valvu au mpira umeziba. Kisha zima injini, uitikise valvu: kipini kilichomo ndani hakina budi kulia. Kikinyamaza, nunua nyingine ya gari la namna ile ile. Bei yake ni ndogo. Mpira uliopasuka nao ubadilishwe.

Lakini valvu ikiwa nzima, na moshi mwingi watoka tunduni, ringi zimekwisha. Hapo, ndugu, mwache fundi afungue; fedha yako haitapotea bure.