Mishahara ya Walimu na Maneno ya Mferejini



Tangu shule zifunguliwe muhula huu hakuna jioni inayopita hapa landi bila watu kubishana juu ya mishahara ya walimu. Maneno huanza mferejini, akina mama wakingojea maji, kisha yanahamia dukani, na sisi tukitoka zamu tunayakuta yamekwisha kuwa makali. Juzi nusura watu wawili wakamatane mashati, mmoja wa karakana na mwingine fundi wa viatu. Kisa chenyewe kilikuwa kipande cha gazeti chenye habari za mapatano ya walimu yaliyotiwa sahihi Julai 2025, na ndani yake ile hesabu ya shilingi bilioni 33.8. Wengi wametuuliza chama chetu kinasemaje. Leo tunasema.

Kwanza ni haki tuyaeleze maneno ya jirani zetu jinsi walivyoyasema, kwa maana si watu wajinga. Mama mmoja auzaye mboga alisema hivi: mwalimu anapata mshahara mwisho wa mwezi mvua inyeshe isinyeshe, ana likizo mara tatu kwa mwaka, na bado anataka nyongeza, yeye mama akiugua siku mbili watoto wanalala njaa, wala hajui aende kumgomea nani. Fundi wa viatu akasema fedha hizo ni kodi yake, kwa sababu hata akinunua gundi na uzi anatozwa. Mzee mmoja mstaafu, ambaye tunamheshimu sana, akasema mjukuu wake yuko darasa la tano naye hawezi kusoma barua moja hadi mwisho. Basi nyongeza ni ya nini? Haya si maneno ya kuchekwa. Anayetaka kuwatetea walimu na aanze kwa kuyajibu haya.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyowatia watu hasira. Shilingi bilioni 33.8 ni neno kubwa la kutisha. Lakini fedha hizo ni za miaka minne, tangu 2025 hadi 2029, na walimu walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, ni zaidi ya 350,000. Katika shule ya misheni tulichapwa mpaka tukajua kugawanya, basi tugawanye. Kwa mwaka mmoja ni bilioni 8 na milioni 450. Kwa mwezi ni kama milioni 704. Ukiwagawia watu 350,000 kila mmoja anapata karibu Shs. 2,000, na kwa kuwa walimu ni zaidi ya hao, ni pungufu ya hapo. Bila shaka hawapati sawasawa, kila cheo kina kiasi chake. Lakini huo ndio utajiri unaobishaniwa mferejini: wastani wa shilingi elfu mbili kwa mwezi, kabla ya kodi na makato mengine. Tulipomwandikia fundi wa viatu hesabu hii nyuma ya boksi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona gazeti halikuandika hivyo?" Swali hilo hatukuweza kumjibu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba walimu huamka siku moja wakataka fedha, wakagoma. Ukiitazama historia utaona sivyo. Mara nyingi wamegoma kwa sababu ya fedha ambazo zilikwisha kuahidiwa na kuandikwa, kisha hazikulipwa.

Chama cha walimu, KNUT, kiliundwa Desemba 1957. Siku zile mwalimu mmoja aliajiriwa na misheni, mwingine na halmashauri, na kila mwajiri alikuwa na desturi zake. Mwalimu wa misheni aliyekosana na msimamizi wake aliweza kupoteza kazi na nyumba kwa pamoja. Chama kilipigania mwajiri mmoja kwa wote, na hiyo ni sababu moja ya TSC kuundwa kwa sheria mwaka 1967. Hapo palikuwa na faida kubwa: mwajiri mmoja, meza moja ya mapatano. Lakini pia mlango ulikuwa mmoja, na ukifungwa umefungwa kwa wote.

Mwaka 1997 ndio wa kukumbukwa. Baadhi yetu tulikuwa watoto wa madarasa ya chini. Oktoba ya mwaka ule walimu waligoma. Tulibeba vitabu tukarudi nyumbani tukiimba, hatukujua lolote. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba. Serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu tano, pamoja na marupurupu ya nyumba, matibabu na usafiri. Mapatano hayo yakachapishwa kama Tangazo la Kisheria nambari 534 la 1997. Awamu ya kwanza ikalipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 Serikali ikasema fedha hakuna. Walimu wakagoma tena Oktoba 1998 wakarudi kazini mikono mitupu. Mwaka 2013, yaani miaka 16 baadaye, walimu waligoma tangu mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, na walichodai kilikuwa marupurupu ya mapatano yale yale ya 1997! Mtoto aliyezaliwa siku mapatano yalipotiwa sahihi alikuwa amekwisha kuingia sekondari.

Je, ndugu, ukimkopesha mtu, naye akakuandikia hati, ukaidai miaka 16, majirani watakuita mlafi?

Mwaka 2015 mambo yalizidi. Mwezi wa Juni korti ya kazi iliamua walimu waongezwe asilimia 50 hadi 60. Hawakulipwa. Septemba wakagoma, wakakaa nje muda wa wiki tano hivi. Serikali ikaamuru shule zifungwe, hata za watu binafsi, isipokuwa kwa watahiniwa, na waliogoma wakakosa mshahara wa Septemba. Mwezi wa Novemba Korti ya Rufaa ikaufuta uamuzi wa korti ya kazi. Hatulaumu majaji, sheria wanaijua wao. Tunachosema ni kwamba mwalimu alikwenda kortini kama alivyoambiwa aende, akashinda, akangoja, akagoma, akakatwa mshahara, na mwisho akaambiwa hukushinda. Halafu sisi tunashangaa akiingia darasani uso umekunjamana.

Baada ya hapo palikuja utulivu. Oktoba 2016 yalitiwa sahihi mapatano ya bilioni 54 kwa miaka minne kuanzia Julai 2017. Mapatano yaliyofuata, ya 2021 hadi 2025, yalitiwa sahihi bila nyongeza hata senti moja, kwa sababu ya hali ya uchumi wakati wa korona, walivyoelezwa. Agosti 2023 ikapatikana nyongeza ya asilimia 7 hadi 10 kwa awamu mbili. Awamu ya pili ilikuwa ya Julai 2024. Mtakumbuka Juni 2024: vijana waliandamana, Muswada wa Fedha ukaondolewa, bajeti ikakatwa, na nyongeza ya walimu ikaingia mashakani. Mwisho wa Agosti walimu wa sekondari waliacha kazi muda wa kama wiki moja. Tena si kwa ajili ya jambo jipya, bali kwa lililokwisha kuandikwa.

Hilo ndilo tunalotaka kila mwanachama alione. Ugomvi huu si wa mwalimu na mama mboga. Ni ugomvi juu ya mapatano yanayotiwa sahihi pasipo fungu la fedha kutengwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti husomwa Juni. Kama nyongeza ya Julai haimo katika bajeti ya Juni, basi mgomo wa Septemba umekwisha kupandwa, na kila mwenye macho anaweza kuuona ukiota. Lakini Juni hakuna anayebisha mferejini. Tunangoja mpaka mtoto arudishwe nyumbani, ndipo tunamfokea mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye tunayemwona. Aliyeandika mapatano na asiyeyalipa hatuwaoni mferejini. Wao hawachoti maji hapa.

Mwenzetu wa karakana aliuliza, na aliuliza kwa nia njema, habari ya walimu inatuhusu nini sisi wa reli. Inatuhusu hivi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma, na inakipa chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Haki ile anayosimama juu yake mwalimu ndiyo tunayosimama juu yake sisi. Watu wa gati na wa reli waliogoma Mombasa Januari 1947 hawakuwa na Katiba kama hiyo, na kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa kuzuiliwa Baringo. Hata hivyo baraza la Jaji Thacker lilitoa nyongeza. Kama mapatano ya chama kikubwa kama cha walimu yanaweza kukaa miaka bila kulipwa na wananchi wakashangilia, sisi wachache tutamwonyesha nani karatasi yetu?

Lakini hatutaki kuwapaka walimu mafuta. Yule mzee ana haki. Wako walimu wanaofika saa nne na kuondoka saa saba, na chama chao huwatetea kana kwamba hawana kosa. Tena chama kikitangaza mgomo huwaambia magazeti, huiambia Serikali, ila mzazi huambiwa na mtoto akirudi na begi mgongoni. Na mtoto huyo ni wa nani? Mgomo wa 2015 ulipoanza, shule za kulipia ziliendelea wiki kadhaa kabla ya kufungwa. Mtoto wa tajiri alisoma, wa landi alicheza mpira wa matambara relini. Hasara hiyo hakuna awamu ya kuilipa. Walimu wasipoikiri hadharani, wasitegemee mama mboga awasikilize.

Tena kuna mgawanyiko. Mwaka 2019, KNUT ilipokosana na TSC, wanachama wake walikosa nyongeza za mapatano huku walimu wasio wanachama wakiendelea kupata. Makumi ya maelfu wakajitoa katika chama. Tunaligusa tu, kwa sababu jeraha lingali bichi. Hata hivyo wanaosema ada ya chama ni fedha za bure na watazame hapo: mwajiri alijua pa kupiga.

Wengine wanasahaulika kabisa katika mabishano haya, nao ni walimu wanagenzi. Hawa walifundisha katika sekondari msingi kwa Shs. 20,000 kwa mwezi, bado makato, kazi ile ile na vipindi vile vile. Aprili 2024 korti ya kazi iliamua kwamba mpango ule ulivunja haki zao. Binti wa jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alipelekwa mbali na kwao, akalipa nyumba, akalipa nauli, na katikati ya mwezi mama yake alikuwa akimtumia fedha za unga. Mama huyo ni yule yule auzaye mboga. Aliposimulia habari hii mferejini alisema kwa sauti ya chini, na hakuirudia. Sisi wengine tunaokaa katika nyumba za kazini huwa tunasahau posho ya nyumba ni kitu gani. Ya mwalimu hutegemea mahali alipo, wa mashambani hupata ndogo kuliko wa Nairobi, lakini bei ya sukari haijui ramani hiyo.

Basi kamati ya tawi imekubaliana mambo mawili. La kwanza, tutaandika barua kwa tawi la walimu la hapa petu tuwaombe wabandike mapatano ya 2025 katika mlango wa kila shule, kwa Kiswahili, na kila awamu na tarehe yake, ili mzazi ajue ni nini kinachodaiwa na lini. Pia wakiona mgomo unakuja, wawaite wazazi kabla ya kuondoka darasani. La pili, kabla ya Bajeti ijayo tutakwenda kwa mbunge wetu pamoja na wazazi, tumwulize swali moja: awamu ya Julai imo au haimo? Jibu lake tutalichapa katika ukurasa huu, akijibu. Asipojibu tutachapa hivyo pia.

Mkutano wa tawi ni Jumapili baada ya ibada, mahali petu pa siku zote. Mwalimu mmoja jirani amekubali kuja na nakala ya mapatano na kuulizwa maswali. Wasio wanachama wanaruhusiwa, na fundi wa viatu tumemwalika kwa jina. Mzee mstaafu amesema atakuja na mjukuu wake na kitabu cha darasa la tano.