Afya Nyumbani: Kovu Nalo Lataka Kutunzwa

Jamaa wengi huhesabu kwamba ugonjwa umekwisha siku ile nyuzi zinapotolewa. Mgonjwa hurejea nyumbani, majirani huja kumpa pole, na baada ya majuma machache jembe hushikwa tena. Lakini kwa mwili kazi bado haijakwisha. Chini ya ngozi iliyokwisha kufunga, ujenzi ungali unaendelea, nao huchukua mwaka mmoja, na pengine hata miwili. Katika muda huo ndipo hujulikana kama kovu litakuwa laini au gumu, na kama kiungo kilicho karibu nalo kitakunjuka sawasawa au kitabaki kimefungwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Wakazi wa chini ya milima ya Rwenzori hula kwa jasho la mikono yao. Wako wanaolima kahawa na pamba, wako wanaovuna chumvi katika Ziwa Katwe, wako wachuuzi wanaobeba mizigo kwenda na kurudi katika soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, na wako vijana wa bodaboda. Huko juu Kilembe, ambako machimbo ya shaba yalianza kutoa mali mwaka 1956, wazee wanaelewa vema kwamba jeraha la kazini halimwachi mtu siku anapotoka hospitali. Mkono usiokunjuka ni shamba lisilolimwa.

Yafaa kwanza kufahamu kovu ni kitu gani. Ngozi inapokatika, mwili huwahi kuziba pengo kwa nyuzinyuzi ngumu. Katika ngozi nzima nyuzi hizo zimesukwa huku na huku kama mkeka, kwa hiyo ngozi huvutika kila upande. Katika kovu nyuzi hupangwa kwa haraka, nyingi zikielekea upande mmoja, na mara nyingine hushikamana na nyama iliyo chini. Ndiyo maana kovu huvuta, huwasha, na huuma mtu anapojinyosha. Hata likikomaa kabisa, kovu halifikii nguvu ya ngozi ya asili. Hufika kiasi cha asilimia 80 tu.

Hapa ndipo mkono wa taratibu unapokuja na msaada wake. Kukanda kovu kwa vidole, kila siku na bila nguvu nyingi, ni tiba inayofundishwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo katika nchi nyingi. Haifuti kovu, na anayeahidi hivyo anadanganya. Uchunguzi uliofanywa hadi sasa si mwingi wala haukufuata njia moja; hata hivyo, wagonjwa wengi hupata nafuu ya maumivu na muwasho, na ngozi yao huteleza vizuri zaidi. Kwa tiba isiyogharimu ila muda na mafuta kidogo, hiyo ni faida ya kutosha.

Tuchukue mfano wa mama wa Bwera aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto ni mzima, kidonda kimefunga, lakini kila anapoinama kupalilia au kunyanyuka na ndoo ya maji, anahisi kama kamba inamvuta tumboni. Mama wa namna hii asianze kujikanda kwa shauri la jirani. Na angoje mpaka atakapopimwa kliniki, kwa kawaida karibu na juma la sita, na mkunga au daktari amwambie kwamba kidonda kimepona sawasawa. Kwa majeraha madogo ya mikono na miguu, muda huwa mfupi zaidi, aghalabu majuma mawili au matatu, maadamu nyuzi zimetolewa, magamba yameanguka yenyewe, na hapana mahali palipo wazi.

Akisha kuruhusiwa, na afuate utaratibu huu:

Kwanza, anawe mikono kwa sabuni na akate kucha. Apake mafuta mepesi yasiyo na manukato makali, kama vile vaselini.

Pili, aanze pembeni mwa kovu, si juu yake. Siku chache za mwanzo ni za kulizoesha kuguswa tu, hasa kama pana ganzi au kama hata nguo ikigusa huuma.

Tatu, aweke vidole viwili juu ya kovu, abonyeze kidogo, kisha azungushe ngozi polepole. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Ngozi yenyewe ndiyo isogee juu ya nyama. Baadaye aisukume juu na chini, kulia na kushoto. Mahali inapokataa kusogea ndipo panapotaka subira zaidi.

Nne, siku zinavyoendelea, aweza kuinua ngozi ya kovu kati ya kidole gumba na cha shahada, na kuiviringisha taratibu.

Dakika tano hadi kumi zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kwa miezi kadhaa. Kipimo cha nguvu ni hiki: ahisi kuvutwa, asihisi maumivu. Haba na haba hujaza kibaba. Anayetaka kumaliza kazi ya miezi kwa siku moja atalitonesha kovu na kulirudisha nyuma.

Aache mara moja, na aende kwa mganga wa hospitali, akiona kovu limefunguka, limevimba, lina joto, linatoa usaha, au akipata homa. Ngozi iliyopandikizwa isikandwe kabla ya daktari kutoa idhini. Kadhalika, iko mila ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto sana. Kwa aliyepasuliwa mila hiyo ni ya hatari, kwa kuwa ngozi ya karibu na kovu mara nyingi ina ganzi, naye aweza kuungua asijue.

Sasa twende jikoni, maana huko ndiko kunakotokea ajali zinazowaumiza watoto zaidi. Uji wa moto unapomwagikia kiwiko cha mtoto, jambo la kwanza ni maji safi ya baridi kwa dakika 20, si dawa ya meno wala majivu. Lakini wazazi wengi hawajui sehemu ya pili ya habari. Mtoto aliyeungua hukunja mkono kwa sababu hivyo ndivyo anavyopata nafuu, na mama kwa huruma humwacha. Kovu nalo hukaa na kukomaa katika hali hiyohiyo. Mkao unaompunguzia maumivu leo ndio unaomfanya kilema kesho. Kwa hiyo, mtoto wa namna hiyo na apelekwe hospitali mapema, ili kiungo kinyoshwe kwa banzi na mazoezi hata kabla kidonda hakijapona chote. Kukanda kutafuata baadaye, na pekee hakutoshi. Kiungo kikisha kufungwa na kovu gumu, mara nyingi hubaki kisu cha daktari mpasuaji tu.

Wako pia watu ambao kovu lao huota na kuvuka mipaka ya jeraha la awali, likawa nene na lenye kung'aa. Hilo ni keloidi, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kulikanda hakulipunguzi, na kulikata tu mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi. Mwenye nalo amwone daktari, kwani zipo sindano za kulituliza.

Msaada hauko mbali. Bwera ina hospitali ya serikali, na kwenye njia ya kwenda Kasese iko Kagando, ambayo ilianza kama kituo cha wagonjwa wa ukoma. Ukoma umefundisha waganga duniani kote kwamba kupona ni kutumia mkono, wala si kufunga kidonda peke yake. Basi, siku ya kutolewa nyuzi mgonjwa asione haya kuuliza maswali mawili: "Kiungo hiki nikinyoshe vipi, na kovu hili nianze kulikanda lini?"

Na jamaa wa nyumbani wamsaidie. Mama aliyepasuliwa akipata dakika kumi za utulivu asubuhi na jioni, mtu mwingine akiteka maji na kumshika mtoto, huo nao ni uganga.