Besi ku motokari: sauti ni ya shofere, hatari ni ya abiria

Kama motokari mbili zinaita abiria wa Kalemie hapa Bendera, ile yenye muziki mkubwa mara nyingi inajaa ya kwanza. Mashofere wanajua vile. Ndiyo sababu wengi wanaongeza ampli na sabufa, ile tunaita besi, ku otoradio iliyotoka na gari kiwandani. Kwao si mchezo, ni biashara.

Tuwape haki yao. Otoradio ya kiwanda iko na nguvu kidogo, wati 15 ao 20 za kweli kwa kila spika. Ku barabara yetu, yenye mashimo na kelele ya motere, sauti nzito inapotea yote. Tena nyingi hazina tundu la kutolea sauti kwenda ku ampli. Kwa hiyo fundi anachukua sauti ku waya za spika za nyuma, anaipitisha ku kifaa kidogo kinachoishusha nguvu, kisha anaiingiza ku ampli. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haiharibu kitu. Shida haiko upande wa sauti, iko upande wa umeme.

Sisi watu wa Bendera tunaweza kuelewa vizuri juu ya santrali yetu ya Kyimbi. Umeme wake unasafiri mpaka Kalemie kwa volti nyingi sana, ili ampere zikuwe kidogo na waya zisipate moto. Ku motokari ni kinyume: volti ni 12 tu, basi ampere zinapanda. Kifaa cha wati 500 ku nyumba ya volti 220 kinakula ampere 2 na kitu. Wati zile zile ku batri ya volti 12 zinaomba ampere zaidi ya 40. Na kwa kuwa ampli yenyewe inapoteza nguvu ku joto, wakati besi inapiga kwa nguvu zinaweza kupita 50.

Hapo ndipo hatari inaanza. Waya ya 2,5 inayotosha ku nyumba haiwezi kubeba mzigo ule. Kwa ampli kama hiyo inatakiwa waya ya shaba ya 16 karé ao zaidi, kutoka batri moja kwa moja mpaka nyuma. Tena inatakiwa fizible karibu na batri, isipite sentimita 45. Wengi wanasema ampli iko na fizible yake, inatosha. Haitoshi. Ile ya ampli inalinda ampli. Ile ya karibu na batri inalinda waya yote inayopita chini ya viti. Waya ile ikichubuka ku bati juu ya mitikisiko, batri inaweza kusukuma mamia ya ampere kwa mara moja, na plastiki inawaka. Ku motokari zetu, nyuma ya viti kunakuwa mizigo, na mara nyingine bidoni za esanse.

Hatari ya pili haitoi moshi. Alternateri ya gari ndogo inatoa kama ampere 70 ao 80, lakini wakati motere inazunguka haraka. Ku matope, gari inatembea polepole, na alternateri inatoa kidogo kuliko hapo. Taa za mbele peke yake zinakula karibu ampere 10. Zingine zinazokosa, besi inazitoa ku batri. Shofere akizima motere halafu aache muziki, batri ya kawaida ya ampere-saa 45 inaweza kushindwa kuwasha gari kabla ya saa mbili kuisha.

Mujini hiyo ni kusukuma tu. Ku barabara ya Kalemie, zaidi ya kilometa 100, na usiku unaingia, ni mambo mengine. Motokari hizi ndizo zinabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, mgonjwa, na familia inayokimbia wakati usalama umeharibika. Faida ya muziki inaenda kwa shofere na patron wake. Gari ikikwama porini, wote wanakwama.

Hatusemi besi ikatazwe. Tunasema ifungwe vizuri. Fizible na waya nzuri bei yake ni kidogo kuliko bei ya ampli, na kidogo sana kuliko bei ya gari. Mwenye kununua asidanganywe na karatoni yenye kuandikwa wati 2000. Aangalie fizible za ampli: zikiwa ampere 30 kwa jumla, haiwezi kutoa hata wati 400 za kweli kwa muda.

ACCO, chama cha madereva, na polisi wa barabarani wanaposimamisha gari, wafungue kapo pia, wasiishie ku makaratasi. Na wewe abiria, mbele ya kulipa, uliza shofere: fizible ya besi iko wapi? Kama iko, atakuonyesha karibu na batri. Kama hajui unasema nini, ngojea motokari ya pili, hata kama haina muziki.